Neno la Kuachia Kamba

Wazo lilikuwa la mwalimu wa kwaya, na asije mtu akamsingizia mwingine. Fundi seremala, aliyepewa kusimamia paa la kanisa jipya, alitaka mambo mepesi: akisema "Lete!" watu wavute kamba, akisema "Achia!" waachie. Mwalimu akabetua midomo.

"Fundi, sisi tumekuja kwa misheni, hatupakui mizigo. Wewe sema 'Haleluya' tuvute, 'Amina' tuachie. Nani atasahau?"

Fundi akakuna kichwa. Kwaya nzima ilimwogopa mwanamke yule, sembuse yeye mgeni kwao. Akakubali.

Na kusema kweli ilipendeza. Kenchi, zile pembetatu nzito za mbao zinazobeba paa, zilifungwa kamba iliyopita kwenye gurudumu la kapi juu ya nguzo, na wanakwaya wakajipanga chini kuivuta. "Haleluya!" Kenchi inapanda. Juu ya ukuta, mdogo wake mwalimu, kitinda mimba wa mama yao, anaipokea na kuipigilia misumari. "Amina!" Kamba inaachiwa. Wapita njia walisimama kutazama ujenzi unaoendeshwa kama ibada, na mwalimu akavimba kichwa. Mama yao alikuwa amekataa katakata kijana kusafiri, mpaka dada mtu alipoapa kumtunza kama mboni ya jicho. Laiti mama angekuwepo ajionee!

Aliyemkera mwalimu ni dereva wa lori tu. Huyu alikodiwa pamoja na lori lake, na mambo ya dini hakuwa nayo. Wenzake wakiombea chakula, yeye macho kodo kwenye sufuria, na "Amina" haimtoki hata kwa dawa. Watu wakanong'ona kwamba anawapunguzia baraka.

"Huyu naye ni mwenzetu kweli?" mwalimu aliuliza mbele ya watu, kisha akampanga mwisho kabisa wa kamba. "Angalau kitambi chake kitufae."

Dereva akacheka, akajizungushia kamba mkononi, akasimama.

Kenchi moja ilikuwa angani, na kijana amekaa ukutani chini yake, mguu huku na mguu kule, mikono juu tayari kuipokea, pale mchungaji mwenyeji aliposhuka kwenye pikipiki. Alikuja kuwasalimu wageni wake. Akaona kazi inavyokwenda, akafurahi, akainua mkono na kusalimu kama wachungaji wote wanavyosalimu:

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

Wote. Soprano, alto, besi, kwa sauti moja. Na mikono yao ikafunguka.

Mwalimu aliisikia Amina yake ikitangulia za wenzake, kama ilivyozoea kutangulia. Kisha akaona viganja vyake, vitupu. Kamba ilimpita ubavuni ikivuma, na kule juu kenchi ikaanza kushuka. Alitaka kupiga kelele, lakini yeye aliyeishi kwa sauti hakuwa na sauti. Alisimama pale kama gogo, akingoja kishindo.

Kishindo hakikuja. Kamba ilikaza ghafla ikalia. Kenchi ilibaki ikining'inia shubiri moja juu ya mgongo wa kijana, aliyekuwa amejilaza ukutani kichwa kakifunika kwa mikono.

Dereva alikuwa ameburutwa mchangani mpaka kwenye nguzo. Alilala chali, miguu ameikita kwenye nguzo ile, kamba imemng'ata mkono, damu inachuruzika.

"Njooni basi!" alifoka. "Mnangoja nini?"

Wote wakaidaka kamba. Waliiteremsha kenchi polepole, na hakuna aliyethubutu kufungua mdomo. Mchungaji kwa hofu akaanza tena, "Bwana a..." Fundi akamziba mdomo kwa kiganja, mchungaji mzima, na hakuna aliyecheka.

Mwalimu alipiga magoti kumwosha dereva mikono. Ngozi ilikuwa imechunika.

"Wewe mbona hukuachia?" aliuliza.

"Salamu ilikuwa yenu," alisema dereva. "Mimi nilikuwa nimeshika kamba."

Mwalimu aliona aibu mpaka akakosa pa kuyaweka macho.

Kijana akashuka, kajaa vumbi la mbao. "Nani aliachia?"

Watu wakatazama chini. Ilikuwa rahisi kusema "sote", nalo ni neno zuri la kujifichia.

"Mimi," alisema mwalimu. "Wenzangu walifuata, ila wa kwanza ni mimi. Na lile neno nililitunga mimi."

Kijana alimtazama kama mtu asiyemjua. Akamgeukia fundi. "Sasa tunatumia neno gani?"

"Lete na achia," fundi akasema. "Na anayesema ni mimi peke yangu."

Kijana akaifuata ngazi. Dada yake akamrukia, akamshika shati kwa nguvu hata kifungo kikakatika.

"Hupandi! Apande mwingine!"

"Mwingine nani, dada?" Kijana akamtoa vidole kimoja kimoja, bila hasira. "Huyo mwingine yeye hana mama?"

Akapanda. Mwalimu akaenda mwisho wa kamba, pale alipokuwa dereva, akajizungushia mkononi. Mikono ilimtetemeka mpaka kamba nzima ikatetemeka, na mdogo wake kule juu alikuwa akiiona.