Lenzi Ndefu ya Bakar

Kiangazi cha mwaka 1959 Bakar, mpiga picha wa Wete, alipata lenzi ndefu kutoka kwa Fakhruddin, mwenye duka la saa. Akawa kama mwehu kwa furaha. Akikaa barazani aliona kunguru juu ya paa la msikiti kama yu kiganjani mwake, hata jicho akilipepesa. Taabu yake moja: kila kitu kiliposogea, ilimbidi azungushe pete ya lenzi kwa vidole mpaka ukungu uondoke, na aghalabu ulipoondoka, kitu nacho kimeshakwenda zake.

Siku ya mchezo wa ng'ombe, vijana wanapomchokoza kwa kanga dume aliyefungwa kamba, alikwenda nayo Wingwi. Mdogo wake, Kificho, alikuwa miongoni mwa wachezaji. Bakar akapanda kichuguu, mbali na vumbi, akaanza kuzungusha. Ukungu ukafunguka, uso wa Kificho ukaja: anacheka, jasho limemtua juu ya mdomo, upande wa kanga begani. Bakar akapiga.

Kificho akageuka, akatoka ndani ya lenzi. Bakar akamtafuta. Pembe, ukungu, miguu ya watu, ukungu. Alipompata tena, Kificho alikuwa kaupa uwanja mgongo, akiwachezea wanawake waliokuwa wakiimba. Na kamba ya dume ilikuwa imekatika. Bakar aliiona ikiburuzika vumbini.

"Kificho! Nyuma yako!"

Zumari likaimeza sauti. Alipoitoa kamera jichoni, ndugu yake hakuwa mkubwa kuliko kidole, ng'ambo ya uwanja, na halaiki ya watu baina yao. Akaruka, akakimbia, akipiga watu vikumbo. Hata nusu ya njia hakufika, aliposikia uwanja mzima umepiga ukelele mmoja.

Wakampakia Kificho kwenye lori. Hakufika Wete.

Baada ya arubaini, mama yao, Bi Mwatima, aliitaka ile picha. Akaishika kwa mikono miwili, akapitisha kidole juu ya mdomo wenye jasho.

"Ulikuwa karibu naye hivi?"

"Sikuwa karibu, mama. Lenzi ndiyo inayovuta. Mimi nilikuwa mbali, juu ya kichuguu."

"Jasho lake naliona, Bakar. Mbona hukumshika mkono, mwanangu?"

Bakar akafungua kinywa aeleze tena habari za vioo na masafa. Akaketi mkekani, ubavuni mwa mama yake, naye mama akawa bado anamngojea ajibu.