Beseni la Mama

Asubuhi wauguzi wa hospitali moja ya mji wa Baraka walijifunza, ndani ya miwani minene ya picha, ile inayomfanya mtu aone kana kwamba yupo palepale, jinsi ya kuzuia damu inayomtoka mzazi baada ya kujifungua. Mchana Norbert, mwalimu wao, alisema sasa ni zamu ya kupumzisha moyo. Alikuwa amezunguka na pikipiki akipiga picha za makwao, kwa sababu tangu majeruhi wa vita wajae wodini, hakuna aliyepata ruhusa ya kwenda nyumbani.

Muuguzi Immaculée alivaa miwani, akajikuta kijijini kwao Lulimba, katikati ya kiwanja chao. Mama yake alikuwa akitoka shambani na beseni la mihogo kichwani. Alikuwa amekonda. Alikuja moja kwa moja kwake, akihema, na Immaculée akainua mikono kumtua mzigo, kama mtoto yeyote aliyelelewa vizuri.

Mikono ilishika hewa.

"We Immaculée, unapokea nini?" Chérie, muuguzi mwenzake, alimtania. "Hapa hakuna mwenye anazaa!"

Wote wakacheka. Immaculée hakushusha mikono. Picha ikakatika, mama bado amesimama na mzigo wake.

Alivua miwani. "Kaka Norbert," aliuliza polepole, "kisha nani alimutua?"

"Ni mi. Nilizima kamera, nikamutua. Beseni ilikuwa nzito, dada yangu."

Immaculée aliishika mikono ya Norbert, yote miwili, akaitazama. Waliobaki kwenye foleni ya miwani walingoja, wala hakuna aliyemharakisha.