Kichwa cha Kijani cha Fransis

Kasimiri alikuwa na magari ya moshi kumi na tisa, na hakuna hata moja lililotembea. Yalikuwa ya bati, ya kuchezewa na watoto wa Kizungu, yaliyochakaa hadi kutupwa. Fakihi, mnunuzi wa chupa na makopo, aliyapata Oyster Bay wenyewe walipofunga mizigo kurudi kwao, akayaleta Temeke kwa baiskeli. Kasimiri aliyanunua kwa senti chache na kuyapanga kwenye ubao aliopigilia ukutani juu ya kitanda. Kila Jumapili baada ya misa aliyashusha, akayafuta kwa kitambaa chenye mafuta, akayarudisha.

Mkewe, Eufrazia, hakuwahi kuuliza ni ya nini. Akifagia alipita chini yake kama mtu anavyopita chini ya nguo za jirani zilizoanikwa.

Mwaka huo wa 1953 Fakihi alipata kichwa kimoja cha gari la moshi, cha kijani. Siku hiyo Kasimiri, ambaye alikuwa fundi seremala, alichelewa kutoka kazini. Fakihi akakiuza nyumba ya tatu, kwa Fransis.

Fransis alifanya kazi mjini kwa Mhindi mmoja mtengeneza saa. Hakuwa na gari jingine lolote. Alikifungua kichwa kile, akanyoosha springi yake, na kesho yake kikazunguka barazani kwake, na watu wakaja kutazama. Fransis alikifuata ameinama, akitaja stesheni.

"Morogoro. Kilosa. Wangoni wote shukeni, nauli yenu imeishia hapa."

Kasimiri alifika na msumeno wake begani na kumkuta Eufrazia katikati ya wale watu, kiganja mdomoni, machozi ya kicheko yakimtoka. Hakukumbuka ni lini alimsikia akicheka hivyo. Magari kumi na tisa, na hakuna lililomchekesha.

Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Akipiga randa alisikia mlio wa ile springi. Usoni alisema ni kitu kizuri. Moyoni aliomba kianguke kwenye mtaro. Aliyatazama ya kwake ukutani, na kwa mara ya kwanza akayaona kama Eufrazia alivyoyaona, mabati.

Sasa, Kasimiri alikuwa Mngoni wa Songea, na Fransis Mhehe wa Iringa. Hawa ni watani tangu vita vya mababu, na hadi leo kila upande unasema ndio ulioshinda. Mtani akitaka kitu chako anakichukua mchana, mbele ya watu, nawe hununi. Unangoja zamu yako, ukamchukulie cha kwake.

Jumamosi moja alasiri Kasimiri aliingia barazani kwa Fransis, akainama, akakiokota kile kichwa magurudumu yakiwa bado yanazunguka.

"Nimechukua," alisema.

Watu wakacheka. Mama mmoja akasema, "Leo Mhehe kapatikana." Fransis alifungua mdomo kama anayetaka kujibu, akamtazama Kasimiri usoni, akaufunga. Kisha akatoa ufunguo mfukoni.

"Chukua na huu. Bila huu hakiendi."

Nyumbani Kasimiri alikijaza kwa ule ufunguo na kukiachia sakafuni. Kikazunguka vizuri kabisa. Eufrazia alikuwa anachagua mchele.

"Kizuri," alisema bila kuacha kazi.

"Mbona hucheki?"

"Kwani mie nicheke kila siku?"

"Kule ulicheka."

"Kule Fransis alikuwa anakisemesha."

Kasimiri akajaribu. "Morogoro," alisema. Sauti ilitoka kama ya mtu anayejibu mashtaka. Eufrazia akapepeta mchele.

Kasimiri akangoja Fransis naye aje kuchukua kitu kwake. Aliacha mlango wazi. Aliacha randa yake nzuri barazani siku nzima. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Fransis ambaye kila asubuhi alimwamkia, "Mngoni, hujafa tu?" sasa alipita akisema, "Habari za kazi, Bwana Kasimiri."

"Mtani wako kakuita Bwana," Eufrazia alisema.

"Nimesikia."

"Umemfanyia nini, Baba Adelina?"

Kasimiri alijua. Kukirudisha kungekuwa kukiri kwamba ni wizi. Kukaa nacho ni kumpoteza Fransis, mtu wa kwanza kumsalimu alipohamia Temeke. Jumapili akakichukua, akaenda.

Fransis alikuwa amekaa kizingitini akikata kucha.

"Sikukichukua kwa utani," Kasimiri alisema. "Nilikuonea wivu. Kilimchekesha mke wangu."

"Najua."

"Ulijuaje?"

"Hukunitukana. Uliingia kimya kama askari wa kodi, ukachukua. Tangu lini Mngoni akachukua kitu cha Mhehe bila tusi hata moja?"

Kasimiri akamnyooshea kile kichwa.

"Ila nikuulize," Fransis akaendelea. "Kumi na tisa, mabovu yote. Ya nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Ikabidi afikiri.

"Nilitandika reli kule kusini, ile ya kwenda Nachingwea. Miaka miwili nabeba mataruma ya kulazia reli. Wakatupunguza. Sikupanda lile gari hata siku moja. Haya nikiyashika, najua hakuna atakayeniambia kazi imekwisha, teremka."

Fransis akakipokea kile kichwa.

"Twende nikayaone," alisema.

Alisimama mbele ya ule ubao, mikono nyuma, kama mkaguzi. Akagusa moja, akagusa la pili. Kisha akachukua lile jekundu lenye bomba lililopinda, gari la kwanza Kasimiri kununua, lile alilolifuta mwisho kila Jumapili ili akae nalo zaidi. Akaligeuza, akaliweka kwapani.

"Mngoni," alisema kwa sauti ya kufika nje, "babu yako alikimbia akaacha ngao. Baba yako akaacha viatu. Wewe umelala na mabati kumi na tisa, na hata kukaza springi moja huwezi. Hili nachukua. Likitembea, utakuja kulitazama kwangu, usimame nyuma ya watoto."

"Hilo hapana," Kasimiri alisema. "Chukua jingine."

"Nimechukua."

Akatoka nalo mchana ule ule, mbele ya majirani. Kasimiri alibaki mlangoni akilitazama bomba lililopinda likienda kwapani mwa Mhehe, na wivu ukamchoma kuliko wa mwanzo. Nyuma yake Eufrazia alikuwa ameegemea ukuta, anacheka hadi kukosa pumzi.

"Mhehe mwizi," Kasimiri akapaza sauti. "Nitakuja na gunia."

"Njoo," Fransis alijibu bila kugeuka. "Na ukoge kwanza."