Begani kwa Virginia

Thuo aliiweka kamera juu ya bega la Virginia na kumwambia asipumue.

Walikuwa wamechutama kwenye mtaro kando ya barabara ya vumbi, nje kidogo ya Burnt Forest, umande ukiwalowesha magoti. Mbele yao ulikuwa ua wa nyaya wa Cyril, na ng'ambo ya ua shamba liliteremka hadi kwenye mikaratusi mitatu. Chini ya mikaratusi hiyo alizikwa Wahome, mume wa Virginia, miaka minne kabla ya nyumba yao kuchomwa wakati wa ghasia, na hati ya shamba kuungua ndani yake. Kwa macho matupu, kutoka mtaroni, kilichoonekana ni nyasi tu.

Kamera yenyewe ilikuwa ndogo, ya kutoshea mfuko wa shati. Zamani ilimlisha Thuo: harusi, ubatizo, watoto wa nasari wakimaliza shule huko mtaani kwake Langas. Siku hizi kila mtu ana simu. Lakini simu walikuwa wameijaribu, na ilipovutwa mpaka mwisho msalaba uligeuka doa. Kamera ilikoroma, ikatoa mdomo wake polepole, mrefu kama kidole.

"Nikivuta mbali hivi, Mama, hata moyo wako unaitingisha."

"Moyo nitauzima wapi?"

"Zima kidogo tu."

Mbwa akabweka. Kwenye zizi la ng'ombe, mfanyakazi wa Cyril aliweka ndoo chini akatazama barabarani. Virginia alimwona na hakusogea. Mara ya mwisho alipopita lango la shamba hilo, akiwa na jembe la kupalilia kaburi, Cyril aliita polisi, naye Virginia akalala seli kwa kosa la kuingia shamba la mtu.

Kamera ililia kidogo. Thuo akamshushia kioo mbele ya macho. Msalaba wa simiti ulikuwa umeinama, nyasi zimeufikia mabegani, lakini jina lilisomeka lote.

"Ni yeye," Virginia alisema. Kisha akavuta pumzi.

Afisa wa ardhi aliyesikiliza kesi alikuwa amemwambia waziwazi: hati huna, majirani wako wa zamani wametawanyika, basi nionyeshe kaburi. Kaburi likiwepo, tutaongea. Lisipokuwepo, Ijumaa shamba linaandikwa jina la Cyril na mambo yanaisha.

Jumanne waliipeleka picha, imesafishwa kwa saizi kubwa mjini. Afisa aliishika kwa ncha za vidole, akaisogeza dirishani.

"Hii ni ya 2010."

"Ni ya jana," Thuo alisema.

"Soma hapo kwa kona."

Thuo alisoma. Nambari za rangi ya machungwa zilionyesha tarehe moja, mwezi wa kwanza, 2010. Hakuwa ameziangalia. Kwa harusi hakuna mtu aliyewahi kuziulizia.

"Mkubwa, betri ikitolewa, tarehe inarudi mwanzo. Ni hii kamera tu."

"Kwa hivyo kamera yako inadanganya."

"Inadanganya tarehe tu."

"Ikidanganya tarehe, mimi nitaaminije kaburi?" Afisa alicheka kidogo, akamgeukia Virginia. "Mama, usiniletee mambo ya zamani. Leta picha ya sasa. Ijumaa asubuhi uwe nayo."

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Cyril aliingia, kofia mkononi, harufu ya sabuni nzuri ikimtangulia. Afisa alisimama.

"Mama, hebu mpishe Bwana Cyril hicho kiti."

Virginia aliinuka. Cyril alikaa, akaichukua picha mezani kama mtu anayechukua gazeti, akaitazama kwa muda mrefu. Hakuangalia sana msalaba. Aliangalia mikaratusi, kisha zizi kwa nyuma, kisha mikaratusi tena.

"Kumbe ni hapo," alisema. "Miaka hii yote trekta inazunguka, mimi nikidhani ni mawe. Pole sana, Mama."

"Nirudishie picha yangu," Virginia alisema.

"Iache kwa faili," afisa akasema.

Nje, Virginia alipanda nyuma ya pikipiki ya Thuo kabla hajaiwasha. "Twende sasa hivi."

"Betri imekufa, Mama. Ile picha ya jana ndiyo ilikuwa ya mwisho."

Langas stima zilikuwa zimepotea. Jumatano zilirudi jioni, giza likishaingia. Alhamisi kukipambazuka walikuwa njiani, betri imejaa, na kabla ya kuondoka Thuo alikuwa ameiweka tarehe mbele ya Virginia, siku, mwezi, mwaka, akimsomesha kila nambari mpaka akakubali.

Virginia alisikia harufu kabla hawajafika. Mkaratusi uliokatwa karibuni unanuka kama dawa ya kifua.

Kule chini kulikuwa na visiki vitatu. Kuanzia hapo mpaka kwenye ua, shamba lote lilikuwa limelimwa, udongo mwekundu umelala kwa mistari iliyonyooka. Mfanyakazi alikuwa karibu na zizi. Safari hii alipowaona aliinua mkono akawasalimu.

Thuo alivuta kamera mpaka mwisho, akaipitisha kwa mistari, akarudi, akapitisha tena. Udongo. Udongo. Aliisogeza kwenye zizi, kwenye lundo la chakula cha ng'ombe lililofunikwa karatasi nyeusi ya plastiki. Watu hukandamiza karatasi hiyo kwa chochote kizito ili upepo usiipeperushe. Cyril alikuwa ameweka magurudumu makuukuu, mawe, na katikati, kimelala chali, kipande cha simiti chenye mikono miwili.

"Tarehe iko sawa sasa, Mama," Thuo alisema kwa sauti ya chini. "Nipige nini?"

Virginia alipiga magoti mtaroni, akamgeuzia bega.

"Jina."

Thuo aliegemeza kamera hapo. Kwenye kioo jina lilikuja, likatoka, likaja likiwa mistari tu.

"Unatikisika, Mama."

"Najua."

"Zima kidogo."

"Piga."

Akapiga. Wakainamia kioo pamoja. Simiti ilikuwa ukungu wa kijivu juu ya weusi, ingeweza kuwa jiwe lolote. Kwenye kona, tarehe ilisomeka vizuri.