Mlango wa Nakshi Kwenye Kioo cha Kompyuta

Mwaka wa tisini na tisa, chama cha akina mama wa Majengo kilipewa kompyuta mbili kuukuu na wahisani. Kwa kuwa hapakuwa na aliyejua hata zinawashwaje, mwenyekiti wao, Bi Mejumaa, aliwaita vijana wawili waliokuwa wakiomba kazi ya kuwafundisha. Kila mmoja alipewa mashine moja aende nayo kwake, aiandae, airudishe Alhamisi. Ambaye mashine yake ingewafaa akina mama ndiye angekuwa mwalimu.

Mmoja wao, Ngumbao, aliitaka kazi hiyo kwa udi na uvumba. Winnie, mkewe, alikuwa amechoka kumlisha kwa biashara yake ya mahamri, na alishasema wazi: akiikosa hii, ataenda kubeba magunia bandarini kwa mjomba wake.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Linux, programu ya kuendeshea kompyuta, alikuwa nayo katika diski iliyokuja na gazeti la ng'ambo. Kilichobaki ni kuunganisha printa iliyokuja na mashine na kuweka programu ya kuandikia barua. Lakini alikutana na mpinzani wake, Nicanor, mkahawani karibu na Ngome ya Yesu, na Nicanor akamwambia huku akikoroga chai kwamba KDE ni ya makarani. Mwenye jicho hutumia GNOME, maana humo kila dirisha hulivika vazi ulitakalo. KDE na GNOME ni njia mbili tu za kuipamba Linux ile ile. Ngumbao, mtu wa KDE, aliudhika kana kwamba ametukaniwa mama.

Basi akaazima kamera, akazunguka Mji wa Kale akipiga picha milango ya nakshi, kisha akaziingiza kwenye kompyuta. Kila dirisha la KDE likapata fremu ya maua ya kuchongwa. Vitufe vya kufungia dirisha alivificha ndani ya misumari ya shaba, maana vilimharibia nakshi. Ukurasa mweupe nao ulimkera, akaupaka rangi ya mti. Herufi vilevile, ili zipatane. Mtu mzima, mwenye mke, alikaa siku mbili akichagua kahawia. Printa ilibaki kwenye boksi.

Alhamisi alianza Nicanor. Picha ya Ngome ilionekana nyuma ya kila kitu, na dirisha moja lilichukua muda mrefu kufunguka hata akina mama wakamaliza kuulizana habari za wajukuu. Ngumbao akafurahi kimoyomoyo, akawasha yake.

"Mashallah," akasema Bi Mejumaa. "Mlango mzuri huu. Haya mwanangu, niandikie barua ya kwenda baraza la mji. Bomba letu lapasuka kila juma."

Ngumbao akaandika. Kioo kikabaki kahawia.

"Mbona sioni kitu?"

"Maneno yapo, Bi Mejumaa. Ukiinamisha kichwa kidogo, yaonekana."

Akainamisha. Safu nzima ya akina mama ikainamisha, kwa adabu.

"Basi lifunge, uanze upya."

Akabonyeza msumari. Haukuwa wenyewe. Akabonyeza mwingine, mlango ukajaa kioo kizima.

Nicanor akacheka, akasema kwa GNOME asingepotea. Ngumbao angeweza kubadilisha rangi palepale, na kazi ingekuwa yake. Badala yake alimgeukia Nicanor kumwuliza kama GNOME yaweza kuchonga pembe za dirisha kama zile. Wakabishana mpaka Nicanor akakubali, shingo upande, kwamba kwa pembe amezidiwa. Kufikia hapo Bi Mejumaa alikuwa ameshaiandika barua kwa kalamu, juu ya boksi la printa. Akawashukuru wote wawili kwa upole, akasema chama kitatafuta mtu mwingine.

Nyumbani, Winnie alikuwa akikanda unga.

"Umepata?"

"KDE imeshinda," akasema Ngumbao. "Nicanor mwenyewe amekiri mbele ya watu."

"Nimekuuliza kazi."

Ngumbao akaanza kumweleza habari za pembe. Winnie alimsikiliza mpaka mwisho, akanawa mikono, akajifunga buibui aende kwa mjomba wake.

"Basi kesho alfajiri nenda na hiyo KDE yako bandarini," akamwambia, "ikushikie upande wa pili wa gunia."