Mkono wa Mwoka Mikate

Mwoka mikate yule hakuwa mtu wa vipimo. Akitaka kujua tanuri limefika, aliingiza mkono mpaka kiwiko, akatulia kidogo, kisha akasema, "Bado," au, "Leteni." Wenzake wakamwita Mkono Mkavu, naye jina akalipenda.

Binti yake alizaliwa njia za nyongo zimeziba. Alipasuliwa akiwa mchanga, lakini ini halikukaa sawa, na macho yakabaki na umanjano. Daktari aliwaambia wazi: mtoto mwenye ini la hivi, hata kinga yake ya mwili hulegea, na vijidudu vinapenda sana kupanda kwenye njia zile za nyongo. Akipata homa, msingoje kupambazuke. Mleteni.

Siku moja mama mtu yuko kazini, mtoto akaamka mzito, chai hataki. Baba akamwekea kiganja kwenye paji la uso. Hamna kitu. Kipimajoto kilikuwa kabatini, kikabaki huko huko.

"Unadeka tu, mama," akamwambia. "Lala kidogo."

Mchana mke akarudi, akamgusa mtoto, akageuka taratibu.

"Mwenzangu, huyu anawaka."

"Nimemshika sasa hivi. Yuko sawa."

"Umemshika kwa mkono gani? Huo unaotolea sinia motoni?"

Mwoka mikate akautazama mkono wake, ngozi ngumu kama soli ya kiatu. Akaenda kabatini mwenyewe. Kipimajoto kilipotolewa kilisoma thelathini na tisa na ushee.

Hospitali daktari hakumgombeza mtu. Alitundika dripu ya dawa, akasema, "Ni maambukizi kwenye njia za nyongo. Mmewahi, ila kwa tundu la sindano." Maneno hayo mwoka mikate alilala nayo kwenye benchi.

Siku zikapita. Jioni moja mke alitoka kwenda kuoga, baba akabaki na mgonjwa. Akainama, akamlazia shavu kwenye paji la uso.

"Baba, unafanya nini?"

"Napima homa."

"Kwa ndevu?"

"Kwa shavu. Mkono nimeuachisha kazi."

"Hata ya mikate?"

"Hiyo mkono utaendelea nayo. Huko haujawahi kunidanganya."

Mtoto akacheka kidogo, akafumba macho. Shavu lilimwambia amepoa kabisa. Mwoka mikate akakaa, akafikiri, kisha akainuka kwenda kumwomba nesi kipimajoto.