Magoti ya Mbwa

Baba alikufa kwa ugonjwa wa moyo akiwa na miaka arobaini na mbili, damu imejaa mafuta, na mimi nimerithi. Ndiyo maana nilikubali kujaribishiwa dawa mpya, iliyotengenezwa kwa kuiga homoni ya tezi ya shingo, katika hospitali moja ya Stockholm. Mafuta yakashuka kweli, hata mke wangu Solveig akaniruhusu siagi kwenye mkate.

Februari nesi wa utafiti, Ingegerd, akanipigia simu.

"Hjalmar, acha vidonge leo hii. Virudishe vyote."

"Nimekosa nini?"

"Si wewe. Kuna mbwa wa maabara waliopewa dawa hiyo mwaka mzima. Gegedu za magoti, ile mifupa laini ya kwenye viungo, zimelika."

"Dada, si nilikwambia tangu Novemba goti linaniuma, ukaandika uzee?"

Nikamsikia akipekua karatasi.

"Basi nipimeni hilo goti."

"Kipimo hicho hakimo kwenye mpango wa utafiti."

"Na ya mbwa mliyajuaje?"

"Walianza kuchechemea, wahudumu wakatoa taarifa siku hiyohiyo."

"Loo! Kumbe mimi nilikosea kusema. Ningebweka."